Mwezi Mmoja, Ahadi Moja: Akiba na Ubunifu Katika Maisha ya Dubai

Mji wa Dubai huishi kwa mwezi. Mshahara huhesabiwa kwa mwezi, kodi ya kitanda hulipwa kwa mwezi, na ndugu walioko Tanga, Kisumu, Mbale au Bukavu wanaijua tarehe ya malipo pengine kuliko mwajiri mwenyewe. Tangu mwaka 2009, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipoanzisha mfumo wa kulinda mishahara, makampuni ya sekta binafsi yanatakiwa kuwalipa wafanyakazi wao kupitia benki au maduka ya kubadilisha fedha yaliyoidhinishwa. Mshahara unapoingia, serikali inajua, mwajiri anajua, na kwa kawaida huko nyumbani nako wanajua. Baada ya siku tatu, mara nyingi asiyejua fedha zimekwenda wapi ni yule yule aliyezifanyia kazi.

Makala ya leo yanaitazama desturi ambayo imeenea katika miji mingi ya dunia na ambayo ina maana ya pekee kwa Waafrika Mashariki walioko Ghuba, nayo ni desturi ya mtu kujiwekea changamoto ya mwezi mmoja. Mtu huchagua jambo moja dogo, akaahidi kulifanya kila siku kwa siku 30, kisha akaangalia matokeo. Wako wanaochagua mambo ya fedha: kuandika kila dirhamu inayotoka, kutonunua chochote kisicho cha lazima, kuweka kiasi fulani kila jioni. Wako wanaochagua mambo ya ubunifu: ubeti mmoja wa shairi kwa siku, picha moja, ukurasa mmoja wa hadithi. Mambo haya mawili huzungumzwa aghalabu kana kwamba hayahusiani. Lakini kwa mtu anayeishi kwa mkataba katika nchi ya ugenini yanatokana na tatizo moja: fedha zake na saa zake zote zimekwisha kudaiwa na wengine kabla hazijamfikia mkononi.

Dubai yenyewe ni mji unaopenda changamoto. Mwaka 2015 mtawala wake, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, alianzisha changamoto ya kusoma kwa wanafunzi wa nchi za Kiarabu, ambamo kila mwanafunzi hutakiwa kusoma vitabu 50 katika mwaka wa masomo. Mwaka 2017 mwanawe, Sheikh Hamdan, akawaita wakazi wa mji wafanye mazoezi ya mwili kwa dakika 30 kila siku kwa muda wa siku 30, na wito huo umekuwa ukirudiwa kila mwaka. Kwa upande wa uandishi, changamoto iliyojulikana zaidi ilizaliwa Marekani mwaka 1999, pale Chris Baty na wenzake wa eneo la San Francisco, watu 21 kwa jumla, walipoamua kuandika riwaya nzima katika mwezi mmoja. Kipimo kilichokuja kuzoeleka ni maneno 50,000, na mwezi ukawa Novemba. Shughuli hiyo ilikua ikavuta watu wengi mno ulimwenguni, hata taasisi iliyoisimamia ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inafunga milango yake.

Hata hivyo Waafrika Mashariki hawakungoja San Francisco iwafundishe kufungamana na mwezi. Wanao upatu.

Msikilizaji anajua upatu unavyokwenda. Watu kumi, tuseme, wanakubaliana kutoa dirhamu 300 kila mwezi. Kijumbe anazikusanya, na kila mwezi mmoja wao anapokea dirhamu 3,000, hadi zamu izunguke kwa wote. Watanzania wengine huuita mchezo. Kenya watu huweka fedha katika chama, na Waganda wana nigiina yao. Wakongo husema likelemba, Wasomali hagbad au ayuuto, Waethiopia ekub, Wasudani sanduku. Jambo la kupendeza ni kwamba katika mitaa ya Deira na Satwa mhamiaji wa Afrika Mashariki huwakuta majirani wenye kitu kile kile kwa majina mengine: Wamisri na jam'iya yao, Wahindi na Wapakistani na kile wanachokiita kamati, Wafilipino na paluwagan. Yamkini jengo moja la ghorofa nne likawa na mizunguko ya upatu ya mataifa matano, na hakuna hata mmoja ulioandikwa mahali popote ila katika daftari la kijumbe.

Kwa hesabu za benki, upatu ni biashara ya ajabu. Hauna faida. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa bure, na anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake kwa miezi tisa bila kupata hata senti moja ya ziada. Angeweza kuweka dirhamu 300 chini ya mto wake kila mwezi, akapata zile zile 3,000 baada ya miezi kumi, bila kumtegemea mtu. Kwa nini basi watu wazima wenye akili timamu wanaendelea kuucheza?

Mtafiti wa Kimarekani, Mary Kay Gugerty, aliuliza swali hilo magharibi mwa Kenya, na mwaka 2007 akachapisha matokeo yake. Alichokikuta ni kwamba watu wengi huingia katika vikundi hivyo kwa sababu wanajijua: wanajua kwamba wakiwa peke yao hawataweza kuweka. Deni kwa mwenzako lina nguvu ambayo ahadi kwa nafsi yako haina. Mtu anaweza kujidanganya kimya kimya usiku wa manane. Kumdanganya kijumbe anayebisha mlango ni kazi nyingine.

Utafiti mwingine uliofanywa huko huko magharibi mwa Kenya na Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, ukachapishwa mwaka 2013, unaongeza jambo ambalo kila mwenye kibubu angepaswa kulisikia. Watafiti hao waliwagawia wanachama wa vikundi vya aina ya upatu masanduku madogo ya chuma yenye kufuli, kwa ajili ya kuweka fedha za matumizi ya afya kama vile vyandarua. Kundi moja lilipewa sanduku pamoja na ufunguo wake. Kundi jingine lilipewa sanduku, lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi. Mtu angetarajia kwamba kundi la pili, ambalo halikuweza kuiba fedha zake lenyewe, ndilo lingefanikiwa. Kumbe ni kinyume. Baada ya mwaka mmoja, wale waliokuwa na ufunguo mkononi walikuwa wameongeza matumizi yao ya kinga ya afya kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko watu ambao hawakupewa sanduku, ilhali wale wasio na ufunguo hawakupata ongezeko kama hilo.

Maelezo yake ni mepesi na yanamgusa kila aliyewahi kutuma fedha nyumbani. Fedha ikishawekwa mahali pake na kupewa jina, hubadilika tabia. Ndugu akija kuomba, ni rahisi kumwambia kwamba hizi ni za chandarua kuliko kumwambia kwamba hapana. Shati zuri likionekana dukani, mkono huona aibu kulichukua kwa fedha yenye jina. Kufuli halikufanya kazi kubwa. Kazi ilifanywa na jina.

Hapo ndipo changamoto ya mwezi mmoja inapopata maana kwa mlinzi wa jengo, mhudumu wa hoteli au mtumishi wa nyumbani aliyeko Dubai. Chukua hesabu inayopendwa sana: siku ya kwanza weka dirhamu 1, siku ya pili dirhamu 2, na kuendelea hadi siku ya 30 uweke dirhamu 30. Jumla yake ni dirhamu 465. Kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, hizo ni kama dola 127. Ni mpango mzuri, isipokuwa una kasoro moja kubwa: siku za mwisho, ambazo zinadai zaidi, ndizo siku ambazo mfuko umekauka. Mwenye busara huugeuza. Aanze na 30 siku mshahara unapoingia, kisha ateremke hadi 1. Jumla ni ile ile, na mteremko ni rahisi kuliko mlima. Kwa mwenye mshahara wa dirhamu 1,500, hata hivyo, 465 ni karibu theluthi ya pato lake, na changamoto ya namna hiyo inakuwa adhabu. Huyo na agawanye kwa mbili, atumie sarafu za fils 50, naye atapata dirhamu 232 na nusu. Si haba.

Fedha hizo hutoka wapi? Hapa kuandika kila kinachotoka kunasaidia kuliko mawaidha yoyote. Mwaka 1904 Hani Motoko, mwanamke Mjapani aliyekuwa mwandishi wa habari, aliwatolea akina mama wa nchi yake daftari la hesabu za nyumba, na daftari za namna hiyo zinauzwa Japani hadi leo. Mbinu yake haina siri: andika ulichopata, andika ulichokusudia kuweka, andika kilichotoka, kisha mwisho wa mwezi jiulize. Anayeandika kwa siku 30 mjini Dubai ataona kwa macho yake tofauti kati ya treni na teksi. Kwa kadi ya kawaida ya Nol, safari ndefu ya treni ya mjini hugharimu dirhamu 7 na nusu, wakati nauli ya teksi haipungui dirhamu 12 hata kwa mwendo wa hatua chache. Ataona pia kwamba chai ya maziwa ya mkahawa wa pembeni, ambayo kila kikombe chake ni kitu kidogo, ikinywewa mara tatu kwa siku inakuwa bili.

Kuna mwiko mmoja katika haya yote, nao ni chakula. Wako wanaoitimiza changamoto kwa kula mkate mkavu na chai wiki nzima huku wakibeba mizigo katika joto la digrii zaidi ya 40. Hiyo si akiba. Ni kuukopa mwili, na mwili hudai kwa riba kubwa.

Kutuma fedha nyumbani nako kunahitaji mwezi wake. Ada ya kutuma haipungui kwa kadiri kiasi kinavyopungua, hivyo anayetuma mara nne kwa mwezi, vipande vipande, kwa kila simu inayopigwa, hulipa ada mara nne. Mataifa ya dunia yalikubaliana mwaka 2015 kwamba gharama ya kutuma fedha ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, lakini kwa takwimu za Benki ya Dunia Afrika kusini mwa Sahara imeendelea kuwa eneo ghali kupeleka fedha. Changamoto inayopendekezwa kwa hali hiyo ni nyepesi kuitamka: mwezi mzima kutuma mara moja tu, siku moja inayojulikana, kiasi kimoja kinachojulikana. Kuitekeleza ni kugumu, kwani inamlazimu mtu amweleze mama yake, au kaka yake mkubwa, au mkewe, kwamba Dubai anayoiona kwenye picha siyo Dubai anayolala. Wengi wamefanya kazi miaka minane bila kuwahi kuwaambia watu wao kiasi halisi cha mshahara. Wanaona haya, na hiyo haya inakula zaidi ya teksi na chai kwa pamoja. Mzee akielezwa kwa adabu, kwamba Shikamoo baba, mwezi huu ni kiasi hiki na hiki nakiweka kwa ajili ya bati la nyumba, mara nyingi huelewa kuliko ilivyodhaniwa. Tena huenda akawa mlinzi wa akiba hiyo dhidi ya wajomba.

Upatu nao, pamoja na uzuri wake, una hatari zake za ugenini. Nyumbani aliyepokea mapema hana pa kukimbilia. Dubai mtu akiachishwa kazi, kibali chake kinafutwa na muda si mrefu anapanda ndege, huku zamu tano zikiwa zimebaki. Upatu wa wahamiaji usizidi miezi mitano au sita, na usiupite mkataba wa yeyote kati ya wachezaji. Mzunguko wa miezi 20 ni kamari. Hakuna benki wala mahakama inayodhamini daftari la kijumbe. Na ieleweke kwamba upatu wa marafiki ni jambo moja, na kutangaza michango ya hisani kwa umma, hata kwa ajili ya msiba, ni jambo jingine: sheria ya shirikisho ya mwaka 2021 inakataza kukusanya michango ya namna hiyo bila kibali.

Sasa ubunifu. Pengine yupo atakayesema kwamba mtu anayefanya kazi saa 48 kwa wiki, na kupoteza saa nyingine nyingi ndani ya basi kati ya Sharjah na Dubai, hana nafasi ya mashairi. Ni hoja nzito, lakini ikikubaliwa yote, basi muda wa mkataba wa miaka miwili ni miezi 24 ambayo mtu huyo hakuwa na chochote chake mwenyewe. Fedha alizituma, nguvu alimpa mwajiri, na akirudi nyumbani na televisheni kubwa hana hadithi ya kusimulia ila bei yake.

Kipimo cha maneno 50,000 hakimfai. Ni sawa na maneno 1,667 kila siku, kazi ya mtu mwenye meza, kompyuta na mlango unaofungwa. Mwenye kitanda kimoja katika chumba cha watu wanane anahitaji chombo kingine, nacho kimo katika lugha yake. Ubeti wa shairi la tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho. Chombo hicho hakidai karatasi. Mizani huhesabiwa kwa vidole, na kina hutafutwa mtu akiwa anafuta vioo au anasubiri lifti. Kwa wafanyakazi wa nje, ambao sheria inawapumzisha kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 mchana kati ya Juni 15 na Septemba 15 kwa ajili ya jua, mapumziko hayo yanatosha ubeti na usingizi. Ubeti mmoja kwa siku, baada ya siku 30, ni shairi refu kuliko mengi yaliyomo katika diwani. Asiyependa ushairi aandike maneno 50 tu ya kilichotokea siku hiyo. Mwisho wa mwezi ana maneno 1,500, ambayo ni urefu wa hadithi fupi.

Na mashahidi je? Fedha zimeonyesha kwamba mtu peke yake huanguka, na ubunifu ni vivyo hivyo. Washairi wa Kiswahili walilijua hilo zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19, alitunga mengi ya mashairi yake kwa kujibizana na wenzake, na gazeti la Mambo Leo lililoanza Tanganyika mwaka 1923 lilikuwa uwanja wa washairi kuulizana na kujibuana kutoka mji hadi mji. Shairi lililoulizwa hadharani lilidai jibu, na kunyamaza ilikuwa kushindwa. Hakuna kinachozuia watu watano walioko Dubai, Muscat na Doha kufanya upatu wa beti kwa simu zao: kila jioni mmoja anatoa, wanne wanapokea, na kijumbe anahifadhi.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi wana milango. Maktaba ya Mohammed bin Rashid, iliyojengwa eneo la Al Jaddaf kwa umbo la kibao cha kuwekea msahafu, ilifunguliwa mwaka 2022. Maonyesho ya vitabu ya Sharjah, ambayo yalianza mwaka 1982, hufanyika kila mwaka karibu Novemba. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo leo inaitwa Safal-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuandika akiwa kijana mgeni nchini Uingereza, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, takriban miaka 20 baadaye. Mwezi mmoja haumtengenezi mwandishi. Unamtengenezea rundo la karatasi ambalo hakuwa nalo.

Wala mwezi haujengi mazoea kwa miujiza. Inasemwa sana kwamba siku 21 zinatosha. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walipolipima jambo hilo, walikuta kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kitendo kiwe mazoea, na kwamba wako waliohitaji wiki chache na wako waliohitaji miezi. Walikuta vilevile kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Jambo hilo la mwisho linafaa kubandikwa ukutani, kwa maana changamoto nyingi hufa siku ya tisa: mtu anafanya zamu mbili mfululizo, anakosa usiku mmoja, anaona aibu, anaacha yote. Aliyekosa siku ya tisa na aendelee siku ya kumi bila kulipa fidia.

Basi wale walioanza pamoja na wachague siku moja ya mapumziko mwishoni mwa mwezi, kwani wengi wana siku moja tu kwa wiki. Chumba chochote kinatosha, au majani ya bustani ya hori la Dubai jua likishapoa. Vibubu vinavunjwa mbele ya wote na fedha zinahesabiwa, kila moja kwa jina lake: ya bati, ya ada ya shule, ya tiketi. Daftari zinafunguliwa na beti zinasomwa kwa sauti, nzuri na mbovu. Kisha kila mmoja anaulizwa kama mwezi ujao yumo.